Mwendo wa Mtachoka

Didia, 28 Aprili 2024

Mume wangu Baba Loveness,

Shikamoo. Najua huko uliko umejibu marahaba huku unacheka, maana hukuoa mwanamke wa shikamoo, ulioa mwanamke wa maneno. Mimi mzima. Masikio ndiyo yale yale, yalijifunga na ile homa ya mwaka juzi na sasa nimeacha kuyabishia hodi. Simu nimempa Loveness akae nayo huko kwake Kambarage, kwa sababu kupiga siwezi, na ujumbe wa simu siupendi, ni kama mgeni anayeeleza shida yake akiwa amesimama mlangoni. Barua inaketi. Endelea kumpa kondakta Mwita, naye ataniachia dukani kwa Mama Nelly basi likipita.

Ninachokuandikia leo ni habari ya mbwa wako. Mtachoka amenenepa. Unakumbuka jina lile tulimpa kwa ajili ya majirani, ili kila tukimwita wajue maneno yao tumeyasikia na watakaochoka ni wao. Sasa aliyechoka ni yeye mwenyewe. Juzi alimkimbiza kanga shambani, akaenda kidogo tu, akalala katikati ya mistari ulimi nje. Pamba imeanza kufunguka, kila upande ni weupe mtupu, na yeye yuko katikati yake ametulia. Kanga naye akasimama kumtazama. Mimi sisikii kuhema, kwa hiyo nilipomwona vile nilijua amekufa, nikakaa chini kwenye udongo nikaanza kumlilia. Alinilamba mguu.

Bwana mifugo, yule kijana Denis, alikuja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikampa chaki yangu, akaandika kwenye mlango wa stoo kwa herufi kubwa: MBWA HUYU ATAKUFA KWA SHIBE. Chini yake akaandika kwamba moyo umebebeshwa mzigo usio wake, na akiendelea hivi mvua za mwaka huu hatazikuta. Sijaufuta mlango hadi leo. Mimi sijui anakula wapi. Wewe ndiye uliyemlea tangu akiwa wa kubebwa kwenye kofia, niambie nimfanyeje.

Niliota unamwita kutoka ng'ambo ya lambo. Unajua ndotoni nasikia. Sauti yako ilikuja juu ya maji taratibu, ikafika miguuni pangu ikasimama. Nilipoamka sikujigeuza kwa muda mrefu, niliogopa isije ikamwagika.

Mkeo,
Zipora


Nyarugusu, 9 Mei 2024

Mama Loveness,

Marahaba, na kweli nilicheka. Mwita alidhani umeniandikia siri za ndoa.

Ndoto yako nimewasimulia wenzangu. Huku wachimbaji hawashuki shimoni, kwenye duara, kabla ya kuulizana walichoota, na yako imeleta ugomvi. Mmoja alisema sauti juu ya maji maana yake mwamba wenye dhahabu uko karibu, mwingine akasema maana yake duara litajaa maji. Nikawaambia hiyo si ndoto ya mgodi, ni ya nyumbani, waiache kama ilivyo.

Mimi sijambo. Niko pale pale kwenye karasha, ila siku hizi nimewekwa kivulini, kazi yangu ni kuhesabu mifuko ya mawe inayoingia kusagwa. Vumbi limetufanya sote weupe, hata kuku wa mama lishe. Alfajiri kabla mashine hazijawashwa, mtu huwezi kujua ardhi inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na watu wanapita katikati yake bila miguu. Ni pazuri wakati huo. Ungepapenda.

Sasa mbwa. Usimfungie chakula ghafla, mbwa akinyimwa ataiba kwa watu na tutaletewa kesi. Punguza kidogo kidogo hadi tumbo lisahau. Mtembeze asubuhi kukiwa na baridi, na usimpeleke lambo kwa siku ya kwanza, mpeleke mti hadi mti. Akisimama simama na wewe. Usimwite jina, usimvute, usimwangalie. Jifanye unatazama shamba la mtu au ndege. Kiumbe aliyeishiwa pumzi akiona anasubiriwa anajilazimisha, na hapo ndipo anapoumia.

Pamba ikishauzwa nitakuja, nione huyo bwana aliyeshiba.

Bujiku


Didia, 2 Juni 2024

Baba Loveness,

Shikamoo tena, uongeze kicheko.

Tunatembea. Wanawake kisimani wananiuliza nimekuwa mzungu lini, mtu mzima kutoka alfajiri na mbwa bila kwenda popote. Wanasema wakiwa wamenigeukia makusudi ili nisome midomo. Siku za mwanzo tulikuwa tunafika mkwaju wa kwanza tu. Sasa tunafika wa tatu. Kila mti anakaa, nami natazama shamba la mtu kama ulivyosema. Asubuhi hizi kuna ukungu mdogo wa baridi juu ya mabua, na mimi kwa kuwa sisikii hatua zangu wala zake, ni kama tunatembea chini ya maji wawili sisi. Nimeanza kuipenda saa hiyo kuliko saa zote.

Denis alisema lazima tujue uzito. Mizani nitoe wapi? Nikaenda chama cha msingi, msimu umeshafunguliwa, nikapanga foleni na mbwa wangu kwenye gunia kichwa nje. Karani Edson alimning'iniza kwenye mizani ya pamba mbele ya watu wote. Mtachoka alitulia, anazunguka polepole huku na huku, anatutazama kila mmoja kwa zamu yake. Edson akaniuliza nimechanganya mchanga kiasi gani. Watu walicheka hadi mwingine akakaa juu ya robota lake.

Tulirudi tena baada ya majuma mawili. Baba Loveness, ameongezeka. Pamoja na miti yote hiyo ameongezeka. Denis akaandika mlangoni kwa chaki: NANI ANAMPA CHAKULA JIONI? Uziwi una faida zake, mtu akikuuliza usilolitaka hukusikia. Lakini chaki haina huruma. Nikasema miwani nimeisahau.

Pamba imetoka safi. Nakusubiri.

Zipora


Nyarugusu, 20 Juni 2024

Mama Loveness,

Nimemwona mbwa kwenye mizani kana kwamba nilikuwepo. Siku ile nzima watu waliniona nacheka peke yangu kivulini.

Kuna mambo ya pumzi ambayo huyo Denis hawezi kuyajua, kwa sababu yake inamtosha. Pumzi ya asubuhi ni ndefu, ya jioni ni fupi, kwa hiyo jioni usimtume mahali. Kupanda kilima ni kubaya lakini kuinama ni kubaya zaidi. Bakuli lake la maji lipandishe juu ya tofali. Akilala bapa atashtuka usingizini, ataona kama amewekewa jiwe kifuani, basi mwekee gunia la pumba alale ameinuka. Moshi wa kuni umkae mbali. Na akitoka kutembea usimuulize habari hapo hapo, mwache anyamaze kwanza, maneno yanakula pumzi kuliko miguu.

Na mtu anayemlisha yupo. Mchunguze Mama Nelly, ana huruma za kijinga yule.

Kuhusu kuja, pamba najua imeuzwa, lakini karasha limepata mawe mengi na mwenye nalo ameniomba nisiondoke. Tuseme baada ya Nanenane. Au tuone.

Bujiku


Didia, 7 Julai 2024

Baba Loveness,

Leo sina shikamoo. Nina mambo mawili, la kwangu na la kwako, nitaanza na la kwangu.

Anayemlisha Mtachoka ni mimi. Nyumba nyingi hapa zimeacha moto wa shikome, wanaume wanakula ndani na televisheni, lakini wewe hukutaka, ulitaka moto wako uani na kiti chako, na mimi nikuletee pale. Jioni ya kwanza baada ya wewe kuondoka nilipika kwa mazoea, ugali wa watu wawili, nikaupeleka shikome nikaweka juu ya kigoda. Nilipofika pale ndipo nikakumbuka. Kabla sijaondoa sahani akapita Mama Nelly njiani. Aliona moto, akaona sahani, akainamisha kichwa kidogo akapita kwa adabu, kama mtu anavyopita penye mwenye mji anayekula. Nikaiacha pale pale.

Tangu siku hiyo sahani inakwenda kila jioni. Ugali mkubwa, mboga, nyama ikiwepo. Mtachoka anasubiri nigeuze mgongo. Mbwa amekula nafasi yako, Baba Loveness, kila tonge lililomnenepesha lilikuwa lako. Nilijua, tangu siku Denis alipoandika mlangoni nilijua, na nimemtembeza asubuhi na kumuua jioni. Nimejaribu kupika ugali mdogo. Mkono unakataa. Sahani isipokwenda ni kama nimetangaza kwamba hurudi.

Sasa la kwako. Nilimwekea gunia la pumba. Alilinusa, akalisogelea, akalala pembeni yake chali miguu minne juu, hadi asubuhi. Nilipandisha maji kwenye tofali, akaangusha tofali. Nikamwonyesha Denis barua yako, akaisoma mara mbili, kisha akaandika mlangoni: HUYU ANAYEELEZWA HAPA SI MBWA.

Mbwa gani anayeulizwa habari akitoka kutembea? Nani analala kifua kikiwa juu, Bujiku? Nani ambaye maneno yanamla pumzi?

Nilipanda basi hadi Kambarage nikamuuliza Loveness. Aliziba uso kwa kanga, kisha akaufunua nisome: unakohoa. Anakupigia simu, anakusikia ukikohoa, mume wake anakusikia, hata Mwita wa basi anakusikia. Dunia nzima inasikia isipokuwa mimi. Kila usiku ninakusikia ndotoni unaongea vizuri, unaita, unaimba, na ndotoni hukohoi hata mara moja, nami nikaziamini ndoto.

Niandikie ukweli.

Zipora


Nyarugusu, 25 Julai 2024

Mama Loveness,

Umenikamata. Usimgombeze mtoto, ni mimi niliyemkataza.

Ni vumbi la mawe. Lilianza kama mafua mwaka jana wakati wa kipupwe, sikulijali. Kivulini sikupandishwa cheo, niliwekwa, kwa sababu siku moja nilibeba mfuko nikashindwa kuutua na kushindwa kuubeba, nikabaki nao nimesimama hadi vijana wakaja kuniondolea. Hospitali wamepima, si TB. Walisema vumbi limekaa ndani na halitatoka, ila nikiondoka kwenye vumbi nitaishi nalo, nikibaki litanimaliza. Walisema taratibu tu, kama watu wanaoongea habari za hali ya hewa.

Basi utaniuliza kwa nini nimebaki. Nitakuambia, na usikasirike. Mvua zikianza watu wote watashika majembe. Mimi sitashika. Nitavushwa mti hadi mti mbele ya kisima, halafu jioni nitakaa shikome nisubiri sahani. Mwenye mji asiyelima, anayekaa tu kusubiri sahani, tofauti yake na mbwa ni mkia. Nimekuwa mwanaume wako miaka yote hii, sitaki unione hivyo. Huku hakuna anayenijua nilivyokuwa.

Ninaota niko kwenye shamba la pamba lisilo na mwisho. Natembea, na nikiangalia vizuri siyo pamba, ni vumbi limesimama hewani. Sivuti pumzi kabisa, na wala haiumi. Ni kimya. Nadhani ndivyo unavyosikia wewe.

Acha kupeleka sahani. Mbwa apone, angalau mmoja wetu.

Bujiku


Didia, 18 Agosti 2024

Baba Loveness,

Nilikasirika nikisoma, nikakasirika tena nikifua, na hadi sasa sijamaliza.

Sahani nimeacha. Siyo kwa amri yako. Jioni ile niliwasha moto, nikapika ugali wa mtu mmoja. Mtachoka alishawahi shikome, amekaa anatazama kigoda. Nikamletea bakuli lake, dagaa waliooshwa chumvi, boga la kuchemsha na ugali wa ngumi moja, kikombe kile cha bati ndicho kipimo, Denis kasema ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wa maisha yake, asubuhi kimoja na jioni kimoja, na asiongezewe hata akilia. Alimaliza, akanitazama, akatazama kigoda. Mimi nilikuwa natazama hapo hapo.

Basi nikachukua sahani yangu jikoni nikaja kukaa kwenye kiti chako. Ndiyo, kiti chako. Mwanamke shikome, anakula, na moto unawaka. Mama Nelly alipita, safari hii hakuinamisha kichwa, alisimama mdomo wazi. Akaniuliza, nikasoma, "Zipora, unakula kwa wanaume?" Nikamwambia mwanaume hayupo, yupo mbwa, na mbwa hana neno. Kesho yake alikuja na kigoda chake na sahani yake. Sasa tunakuwa wawili. Hakuna aliyekufa.

Nilidhani nikiacha sahani nitakuwa nimekuzika. Haikuwa hivyo. Nilichogundua ni kwamba sikuwa nakupikia wewe, nilikuwa nawapikia wapita njia.

Na wewe unafanya hayo hayo. Unakufa huko ili watu wa kisimani wasikuone umesimama chini ya mti.

Nani amekuambia nataka mkulima? Ng'ombe wa Mama Nelly watalima, tumeshaelewana. Mimi nilipoamka na ile homa nimeziba masikio, nikakataa kutoka nje kwa aibu, ni nani aliyenunua chaki? Uliandika mlango mzima wa stoo, ukajaza, ukahamia ukutani. Ulizunguka Didia yote unawafundisha watu wasimame mbele yangu wakiongea. Sikukusikia ukisema tofauti yangu na mbuzi ni pembe. Ulinipa uziwi wangu kama kitu cha kawaida cha mtu kuwa nacho. Leo mimi nikupe pumzi fupi unasema hutaki, utabaki kivulini.

Nikuambie ninachokosa. Watu wote hapa wananiambia neno moja moja. Njoo. Kula. Chumvi. Mvua. Wananionea huruma, wanafupisha. Midomo yao naisoma kwa shida. Yako naisoma hata ukiwa unatafuna. Tangu uondoke hakuna aliyeniambia sentensi nzima.

Na Mtachoka amepungua. Mizani ya pamba imefungwa, msimu umekwisha, lakini Denis kamsimamia kwa juu akaandika: KIUNO KIMEONEKANA. Juzi alifika lambo akanywa, akarudi. Alimkimbiza yule kanga hadi ng'ambo ya shamba. Miezi hii yote ulidhani unanifundisha kutembea na mbwa. Ulikuwa unanifundisha kutembea na wewe, Bujiku, na mimi nimeshajua. Sasa mwanafunzi yuko tayari na mwalimu anakataa kuja.

Ukibaki huko utakufa, na mimi sitasikia hata kilio changu mwenyewe. Njoo nyumbani.

Zipora


Nyarugusu, 12 Septemba 2024

Mama Loveness,

Nimesoma. Nimeaga karashani. Nitashuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa basi la Mwita.

Usije barabarani, watu watatazama.

Bujiku


Didia, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Loveness,

Wabeja kwa sukari na kwa dawa za baba yako. Umeuliza alifikaje, na yeye kwenye simu hawezi kukueleza, anasema amefika salama basi. Ngoja nikueleze mimi.

Aliniambia nisije barabarani. Sikwenda barabarani. Nilisimama kwenye mkwaju wa mwisho, ule ambao ukihesabu kutoka lami ni wa kwanza. Mtachoka ndiye aliyekwenda hadi lami, yeye hakuandikiwa barua. Nilimwona Mwita akishusha begi, kisha nikamwona baba yako akishuka nyuma yake taratibu, ameshika mlango. Amekonda. Suruali ameifunga kwa kamba. Kulikuwa na joto lile la kabla ya mvua, barabara inameremeta, na wote wawili walikuja kwangu kutoka kwenye mmeremeto ule kana kwamba wanatoka majini, kwanza vichwa, baadaye miguu. Kama mbwa alibweka sijui. Mkia niliuona.

Alisimama mbele yangu, uso kwa uso, kama anavyofundisha watu. Akaniambia sentensi nzima. Hiyo sikuandikii.

Tukaanza kutembea. Nilikuwa nimejiandaa kutazama mashamba ya watu hadi macho yaume. Wala sikuhitaji. Tulipofika mti wa pili Mtachoka akakaa chini. Mbwa mzima, kiuno kama nyigu, anayemaliza lambo na kurudi, akakaa chini ya mti kwa sababu tangu Mei amejua kwamba njia hii hutembewa hivyo. Baba yako akasimama. Tulisimama sote. Mtachoka alipoona muda umetosha akainuka, akaenda hadi mti wa tatu, akakaa tena.

Wanawake walikuwa kisimani wote, unajua Jumamosi. Mama Nelly alikuja kutupokea begi, akauliza mbona mnasimama simama. Nilikuwa namtazama baba yako mdomoni. Akavuta pumzi yake fupi, akamwonyesha mbwa kwa kidole, akasema, "Huyu mbwa wetu, hana pumzi."

Mama Nelly akamtazama Mtachoka alivyo mwembamba. Akanitazama mimi. Akasema pole yake, tumsubiri tu. Na wanawake wote wa kisimani, Loveness, wale wale, wakageuka wakaanza kutazama mashamba.

Siyo kwamba yote ni mazuri. Jioni anachoka kabla ya kula, na kuna siku hataki kutoka ndani. Lakini asubuhi wanaondoka wawili kabla ya jua, na mimi nyuma yao. Jana nimemkamata anamrushia mbwa tonge chini ya kigoda. Nimemwambia nikiona tena nitawapima wote wawili kwenye mizani ya pamba.

Usiku ule wa kwanza alinigeuzia mgongo kwenye gunia lake la pumba, akidhani nimelala na gizani siwezi kujua. Niliona shuka linatikisika. Nikaweka kiganja katikati ya mgongo wake. Kikohozi kikaja. Kilinipitia mkononi, kikapanda hadi begani, kikafuatwa na kingine na kingine, nami nikavipokea vyote hadi vikaisha. Ni sauti ya kwanza ya mume wangu niliyoipata nikiwa macho tangu ile homa. Hakuondoa mkono wangu. Tangu siku hiyo sijaota, na sijaona upungufu.

Njoo Jumapili na mume wako. Mbwa akikutazama mlangoni usimpe kitu, hata akikutazama vipi.

Mama yako,
Zipora